Jirani alipochimbia nguzo za gati mbele ya kiwanja chetu

Ugomvi wetu ulianza na nguzo za mikaratusi. Jirani alizichimbia majini kule Igombe, Mwanza, zikaenda mshazari hadi zikaziba njia ya mitumbwi yetu. Nilimwamkia, nikamuuliza. Akanijibu, "Mama, mpaka wangu unashuka mpaka majini, na kibali ninacho." Nilimwomba nikisome. Ilikuwa barua ya mtaa inayomtambulisha kama mkazi. Gati haikutajwa popote.

Ndugu zangu walitaka twende kushtaki moja kwa moja. Mimi niliona tuanze na ramani ya upimaji, kwa sababu ufukweni kila mtu anapima kutokea majini, na maji hayakai mahali pamoja. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likapita rekodi yake ya 1964, likameza bustani za watu. Lilipopungua likaacha ukanda wa mchanga na mafunjo, na jirani akauzungushia seng'enge. Kwa upimaji wa namna hiyo, kiwanja kitakua na kusinyaa kila ziwa linapojaa na kupungua.

Nilichukua nakala ya ramani ofisi ya ardhi, nikatafuta mpima aliyesajiliwa, na jirani nikamwalika awepo tangu asubuhi. Hili nalisisitiza kwa yeyote mwenye mgogoro kama wangu: mpima akifanya kazi mbele yako peke yako, mwenzako atavikataa vipimo vyote hata vikiwa sahihi. Tulifyeka matete, tukachimba taratibu pale mashine ilipoonyesha, jembe likagonga zege. Katikati palikuwa na chuma chenye kutu. Jirani mwenyewe, mzee yule, alipiga magoti akafuta udongo kwa kiganja, namba ikasomeka, ileile ya kwenye ramani: bikoni ya kiwanja chetu, yaani jiwe la mpaka. Bikoni yake nayo ikapatikana kwenye mstari huohuo. Kutoka hapo hadi majini, utepe ulipita mita 60.

Basi hoja ikabadilika. Hati zetu zote mbili ziliishia kwenye bikoni zile. Ukanda wa mbele haukuwa wake wala wangu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hakukuwa na mstari wa kuingiza majini, uwe mshazari au ulionyooka.

Tulikwenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya 2021 halitoi tena hukumu ya ardhi; linasuluhisha, na likishindwa ndani ya siku 30 mnaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wapo wanaosema limepokonywa meno. Kwetu lilifaa sana, maana wajumbe walituuliza kila mmoja anahitaji nini. Mzee alihitaji pa kufunga boti, mimi nilihitaji njia. Tukaandikiana: seng'enge itolewe, nguzo zing'olewe, njia ibaki wazi kwa wote, wavuvi wakiwemo.

Afisa mazingira wa manispaa alitueleza kuwa gati ya kudumu haijengwi kwa barua ya mtaa. Lazima mradi upelekwe kwanza NEMC, baraza la taifa la mazingira. Tumeamua kuomba gati moja ya pamoja. Mpaka tujibiwe, boti yake na mitumbwi yetu tunaifunga mwaloni, pale wavuvi wote wanapotia nanga, na ushuru tunalipa kama wengine.