Choo kwanza, ukuta baadaye

Kwa siku kumi na moja choo changu kipya kilikaa sebuleni, ndani ya boksi lake, pembeni ya kochi. Tulikizoea. Mgeni mmoja aliweka kikombe chake juu yake bila kuuliza ni nini, na mimi sikuwa na nguvu za kumweleza.

Kilikaa sebuleni kwa sababu kule kilikotakiwa kwenda hakikuenea. Maelezo yaliyokuja nacho yalisema tundu la bomba la sakafuni liwe sentimita 30 kutoka ukutani, katikati ya tundu hadi ukuta uliokamilika. Fundi alikuwa ameshazika bomba kwa sentimita 25, akiwa amepima kutoka kwenye tofali tupu. Ukapigwa lipu, ikaja gundi, vikaja vigae. Ukuta ukanenepa kama sentimita 3. Zikabaki 22. Choo kinataka 30. Tulikisukuma, tukakigeuza, tukakitazama, kikabaki na ukubwa wake uleule.

Nisimsingizie fundi peke yake. Kabla hajagusa tindo aliniuliza, "Dada, vifaa umeshanunua?" Nikamwambia bado nachagua. "Haina shida," akasema, "tutaweka ya kawaida." Nami nikaridhika. Niliona koki, sinki na choo kama hereni: unavaa mwisho kabisa, gauni likishakaa vizuri mwilini. Kumbe hicho "cha kawaida" kila mmoja wetu alikuwa na chake kichwani. Kuna vyoo vinavyotaka sentimita 30, vipo vya chini ya hapo na vipo vya hadi 40, na vingine havitoi maji sakafuni kabisa, vinatoa ukutani. Sinki la kuning'inia linataka bomba kwa kimo kimoja, la kuweka juu ya kabati kwa kimo kingine. Koki ya kutokea ukutani ina mwili unaozikwa ndani ya ukuta, na mwili huo una kina chake ambacho huwezi kukikisia. Mtu akitindua ukuta kabla hujanunua, anatindulia kifaa cha mteja wake aliyepita.

Fundi alipendekeza kiungo cha kupinda, kile kinachosogeza tundu kidogo bila kuvunja. Vipo, na kuna watu wanavitumia. Lakini bomba la choo lenye upana wa milimita 110 ukilikunja shingo pale pale choo kinapokalia, siku likiziba utavunja tu, na utavunja ukiwa umevaa glovu na umeziba pua. Nikasema tuvunje sasa sakafu ikiwa safi. Siku mbili za vumbi. Nilikuta vumbi hadi ndani ya friji, na sijui liliingiaje.

Halafu shawa. Hapa aibu ni yangu mwenyewe. Nilinunua ile pana ya kuning'inia darini, sahani ya sentimita 30, kwa sababu dukani walikuwa wameiwasha na maji yalimwagika kama pazia. Dukani kuna pampu. Kwangu maji yanashuka kutoka kwenye tangi la juu kwa uzito wake tu. Maji yakisimama mita 10 juu ya koki ndipo unapata msukumo wa baa 1 hivi (kipimo, si ile ya vinywaji). Kutoka usawa wa maji ya tangi langu hadi kwenye ile sahani ni mita 2, yaani baa 0.2. Boksi liliandika wazi kwamba inahitaji angalau baa 1. Nilisoma maandishi hayo baada ya kuifunga, nikiwa nimesimama chini yake na sabuni kichwani, maji yakidondoka kutoka matundu ya katikati tu kama mtoto anayetoa udenda.

Kipimo ambacho ningekifanya mapema hakihitaji fundi wala kifaa. Ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Fungua koki ya zamani mpaka mwisho, hesabu. Yangu ilijaa kwa dakika 2 na ushee, maana yake haifiki lita 5 kwa dakika. Ukienda dukani na namba hiyo unaacha kutazama urembo, unaanza kugeuza maboksi kutafuta msukumo wa chini. Sasa nina kichwa cha shawa cha kawaida, kidogo kama kiganja, na ninaoga vizuri. Ile sahani iko stoo, na kila nikipita najifanya siioni.

Kuhusu koki zenyewe sina mengi. Inyanyue. Ile yenye mwili wa shaba iliyochanganywa na zinki ni nzito mkononi. Zile nyepesi za kung'aa mara nyingi ni rangi tu juu ya kitu kisichodumu. Na uliza kama kiini chake cha ndani, ile katriji, kinauzwa peke yake. Muuzaji akikodoa macho, rudisha.

Vigae nilipatia, na ni bahati tu. Jirani alinionya nitazame namba ya toleo kwenye kila boksi, kwa sababu kigae chenye jina moja na rangi moja, kikitoka tanuri la siku nyingine, hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo huonekana vikishakaa ukutani, hasa taa ikiwaka. Nikalinganisha maboksi yote nikiwa nimechuchumaa, muuzaji akinitazama kama mgonjwa. Nilinunua asilimia 10 zaidi. Vimebaki vitano.

Sasa mafundi. Nimejifunza kwamba fundi ana maneno yake, na kila neno lina maana iliyojificha nyuma. "Nipo njiani" maana yake ameamka. "Kazi ndogo hiyo" maana yake hajaitazama. Lakini neno la kuogopa kuliko yote ni "itajificha". Nati imekaa upande? Itajificha. Kigae kimekatwa vibaya pembeni ya bomba? Dada, hapo linakuja kava, itajificha. Baada ya wiki ya pili nilikuwa nikilisikia neno hilo naacha nilichoshika na kwenda kuangalia.

Siku niliyokasirika kweli ni ya sakafu ya kuogea. Nilirudi kutoka kazini nikakuta vigae vimeshalazwa, vimenyooka hadi unatamani kuvipiga picha. Vimenyooka mno. Nikachukua jagi la maji nikamwaga kule kwenye kona. Maji yakasimama kidogo, kama yanafikiri, kisha yakaanza safari taratibu kuelekea mlangoni. Tundu la maji liko upande wa pili. Fundi akayatazama, nami nikamtazama yeye.

"Yatazoea," akasema.

Nilicheka kabla sijakasirika. Maji yatazoea! Sakafu ya kuogea inataka kushuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu, na pimamaji lilikuwa pale pale ndani ya mfuko wake wa vifaa. Akavibandua gundi ikiwa bado mbichi, bila ubishi. Hapo nikamheshimu, maana wengine wangebisha hadi usiku. Na tangu siku hiyo jagi likawa langu: kila hatua, maji kwanza. Kabla vigae havijarudi tuliziba tundu, tukajaza maji juu ya ile rangi ya kuzuia unyevu, tukayaacha saa 24 na alama ya penseli ukutani kuonyesha kimo chake. Asubuhi yalikuwa pale pale kwenye alama.

Fedha pia ilinifundisha. Mwanzoni nilitoa advansi kubwa kwa furaha, na fundi akapotea siku sita kwenye saiti ya mtu mwingine, simu inaita tu. Sikumtukana. Aliporudi tulikaa juu ya mifuko ya saruji na daftari, tukaigawa kazi iliyobaki vipande: mabomba yamepimwa, analipwa; vigae vimegongwa kwa sarafu na havitoi sauti ya utupu, analipwa; kipande cha mwisho kinabaki kwangu mpaka tutumie bafu wiki mbili. Alisaini, nikasaini. Hakupotea tena.

Aliyenisaidia kuliko wote ni saidia fundi, kijana mkimya aliyekuwa akikoroga saruji. Yeye ndiye aliyeninong'oneza, "Mama, piga picha kabla hatujaziba." Basi kila ukuta uliotinduliwa niliupiga picha, futi ikiwa imenyooshwa kando ya bomba namba zionekane. Juzi nilipotaka kutoboa kwa ajili ya ndoano ya taulo nilifungua simu, nikaona bomba la maji ya moto linapita sentimita 18 kutoka kwenye kona, pale pale nilipokuwa nimeweka alama. Nikahamia upande wa pili.

Ukuta mmoja tu sikuupiga picha, ule wa kutundikia kioo. Ulizibwa siku moja nikiwa kazini. Fundi anakumbuka waya wa taa unapita kushoto, saidia fundi anaapa ni kulia. Kioo kiko sakafuni, kimeegemea ukuta, na kila asubuhi napiga mswaki nikitazama magoti yangu.