Mstari Usio na Mbolea

Mwaka 2016 dada yangu aliyeko Marekani alinitumia kwenye simu hati ya kurasa nyingi, ikifuatiwa na ujumbe mmoja: "Nenda Tukuyu ukawasomee wazee. Mimi nikianza tu, nalia."

Nilichaguliwa mimi kwa sababu nina duka la dawa Mwanjelwa, Mbeya, na katika ukoo wetu anayeuza Panadol ni daktari bingwa. Ila kulikuwa na ugumu wake. Kijana aliyekuwa akizungumziwa ni mpwa wangu, mimi ni mjomba tu, na kwa Wanyakyusa mtoto ni wa upande wa baba. Baba yake alishafariki. Neno la mwisho lilikuwa kwa baba yake mkubwa, mzee wa kanisa la Moravian, na kwa shangazi yake, ambaye hata huyo mzee wa kanisa humwogopa.

Kijana alikuwa na miaka 21. Ugonjwa ulimwanzia juu kidogo ya goti akiwa bado sekondari, na kila mtu akadhani ni mpira wa miguu. Ikaja kuonekana ni osteosakoma, saratani ya mfupa ambayo mara nyingi huwavamia vijana walio kwenye umri wa kurefuka. Akawekewa dripu za dawa zile tatu ambazo ndizo hutangulia karibu kila mahali, methotreksati, doksorubisini na sisplatini. Akafanyiwa upasuaji, mguu ukaokolewa kwa chuma. Tukashukuru, mbuzi akachinjwa. Baadaye picha zikaonyesha vinundu kwenye mapafu, kwa maana saratani hii ikitoka kwenye mfupa hukimbilia huko. Ikirudi namna hiyo, na visu vikishindwa kuifuata, madaktari hawana dawa moja waliyokubaliana nayo. Hapo ndipo ile hati ilipoingia. Walikuwa wanamkaribisha kwenye jaribio la kidonge kiitwacho regorafenibu.

Nilipanda Coaster asubuhi. Uyole, halafu Isyonje ambako ndoo za viazi husukumwa mpaka dirishani ukadhani umeshaviagiza, ukungu mzito, Kiwira, Tukuyu mjini. Kutoka hapo bodaboda ikanipenyeza migombani hadi kwenye nyumba ya mzee. Nikamkuta bibi, mkwe wa dada yangu, akimenya ndizi. "Shikamoo mama." Akaitikia, akaniuliza kama nimeleta dawa yenyewe. Nikamwambia nimeleta karatasi. Hakuficha kwamba nimemwangusha.

Sebule ilijaa. Mzee akaomba, chai ya maziwa ikapita, nikaanza.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Nilieleza kwamba dripu za mwanzo zilikuwa zinaua kila seli inayozaliana upesi, ndiyo maana nywele zilinyonyoka na mdomo ukatoka vidonda. Hiki kidonge kinatafuta jambo mahususi. Uvimbe ukitaka kukua hutuma ishara mwili uuchimbie mishipa mipya ya damu, na dawa inaziba masikio yanayopokea ishara hizo, pamoja na nyingine zinazouamrisha uvimbe ukue. Nikawaambia si dawa iliyookotwa jana, Marekani walishairuhusu kwa saratani ya utumbo mpana tangu 2012, ila kwa mfupa walikuwa bado wanaipima. Vidonge vinne kwa siku kwa wiki tatu, wiki moja ya kupumzika, kisha upya. Madhara nayo nikayasoma yote: presha kupanda, kuharisha, uchovu, ini kusumbuka, viganja na nyayo kuuma na kubanduka.

"Watamfanya panya," akasema binamu mmoja, mwalimu. Watu wakaguna. Mwingine akasema kijana arudishwe, Mwakaleli kuna mama anaombea watu na wanapona. Sikubishana. Nilijua gumu zaidi lilikuwa ukurasa unaofuata.

Ukurasa huo ulisema kwamba watakaoingia watagawanywa kwa bahati nasibu, nusu kwa nusu. Nusu watapewa regorafenibu, nusu watapewa vidonge vinavyofanana navyo kabisa lakini ndani hamna dawa.

Shangazi akaweka kikombe chini. "Rudia hapo, mjomba."

Nikarudia.

"Yaani atatobolewa damu, atapigwa mapicha, halafu anapewa kidonge hewa?"

Mwaka ule, kwa wasiokumbuka, redio zote zilikuwa zinataja watumishi hewa waliokuwa wakifyekwa serikalini. Sebule ikacheka, yeye hakucheka.

"Inawezekana, shangazi."

"Na daktari wake anajua amempa kipi?"

"Daktari naye hajui. Wanaojua ni watu wa pembeni wanaotunza orodha."

"Mgonjwa hajui, daktari hajui. Basi hiyo hospitali ingekuwa Tukuyu hapa tungeshaichoma moto."

Nilikuwa nimejiandalia maelezo mazuri, ya kitabuni. Yalikuwa yanaanza kunitoka vibaya wakati baba mkubwa alipoinua mkono. Miaka ya 1980 alikuwa kibarua wa mashamba kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole. Nilikuwa najua hilo, ila halikunipitia kichwani kabisa.

"Pale Uyole," akasema, "wataalamu wakitaka kujua mbolea, mahindi yaleyale tunayapanda mistari. Huu unatiwa mbolea, ule hautiwi kitu. Palizi sawa, udongo sawa. Mimi mwanzoni niliona roho mbaya, mbona mbolea ipo stoo? Bwana shamba akaniambia, mvua ya mwaka huu ikiwa nzuri na mistari yote tukaitia mbolea, tutaisifu mbolea kumbe ni mvua. Ule mtupu ndio unaosema ukweli." Akanigeukia. "Si ndivyo?"

Nikamwambia ndivyo hasa. Wapo watu waliosomea jambo hili chuoni wasioweza kulisema hivyo. Saratani nayo ina mvua zake. Kuna inayotembea polepole yenyewe, na ukimpa huyo dawa utadhani umemponya. Nikaona vichwa vinatikisika, hata mwalimu wa panya alikuwa anakubali.

Shangazi akamwangalia kaka yake. "Mahindi hayana mama," akasema.

Mzee hakujibu. Mimi pia nilinyamaza, na mpaka leo nikisoma taarifa ya jaribio lolote sijapata la kumjibu. Wenye jaribio, nadhani, walilijua hilo, maana waliweka kifungu nilichokisoma haraka kama mtu aliyeokota ufunguo: picha zikionyesha ugonjwa umesonga mbele, siri inafunguliwa, na aliyekuwa kwenye vidonge vitupu anaruhusiwa kuhamia kwenye dawa yenyewe.

"Mpaka usonge mbele," shangazi akasema.

"Ndiyo."

"Kwenye mapafu."

"Ndiyo, shangazi."

Hapo mzee akaamua kijana mwenyewe apigiwe. Simu ikapita WhatsApp, ikakatika, mtu akatoka nayo barazani kutafuta mtandao, tukamfuata wote na viti vyetu. Kwao ilikuwa bado asubuhi. Uso wake ulikuwa umejaa kuliko nilivyotarajia. "Shikamooni," akasema kwa Kiswahili chake cha kutoka puani, na bibi akaanza kulia palepale, kwa hiyo tukapoteza muda kidogo.

Shangazi akachukua simu. "Umeelewa kwamba unaweza kupewa hewa?"

"Nimeelewa. Ila nikiwa kwenye dawa ya kweli nadhani nitajua, nyayo zitabanduka."

"Na ukichoka?"

"Natoka siku yoyote, hawanidai kitu." Akasita. "Shangazi, nimeshaweka sahihi. Tangu wiki iliyopita. Mama alitaka tu mjue kutoka kwa mjomba."

Mimi ndiye niliyeona haya kuliko wote, kwa sababu hilo sikuwa nimeambiwa. Nimekaa saa nzima nikitetea uamuzi uliokwisha kupita. Nikamtazama mzee nikitegemea hasira, kwani kikao cha ukoo si kitu cha kuitiwa baada ya jambo kwisha. Akaiomba simu, akamuuliza kijana kama anakula. Kijana akasema anakula. Mzee akasema vizuri, na sisi tunakwenda kula. Ndizi zikaletwa, na hakuna aliyerudi kwenye zile karatasi.

Yaliyofuata nitayasema kwa kifupi. Alipangiwa hewa. Picha za mwanzo tu zikaonyesha vinundu vimekua, siri ikafunguliwa, akahamishiwa kwenye dawa. Nyayo zikabanduka kweli, na shangazi, ambaye hakuwa amebadili msimamo wake hata chembe, akawa anauliza habari za nyayo kabla ya salamu. Vinundu vilitulia kwa miezi kadhaa, kisha vikaanza tena. Mwaka uliofuata akafariki. Alizikwa kulekule, matanga tukayafanya Tukuyu.

Matokeo yalitangazwa 2019, nikampigia mzee, maana aliwahi kuniambia nimpigie yakitoka. Wenye osteosakoma katika jaribio lile la Marekani walikuwa 42.

"Shamba dogo," akasema.

Nikamwambia ugonjwa wenyewe ni wa nadra, kuwapata hao 42 kulichukua miaka. Waliopewa dawa, ugonjwa ulikaa bila kusonga mbele miezi 3.6 kwa mtu wa katikati, yaani nusu yao walipita hapo na nusu hawakufika. Waliopewa vitupu, miezi 1.7. Wafaransa nao walikuwa na jaribio lao la dawa hiyohiyo: baada ya wiki 8, kati ya wagonjwa 26 wenye dawa, 17 ugonjwa wao ulikuwa haujasonga, na kati ya 12 wenye vitupu hakuna hata mmoja.

"Kwa hiyo inafanya kazi."

"Inauchelewesha, mzee. Ila kwa upande wa nani ameishi zaidi, jaribio la Marekani halikuonyesha tofauti ya uhakika. Watu walikuwa wachache, na nusu ya waliokuwa kwenye vitupu walihamishiwa kwenye dawa, kama kijana wetu."

Akakaa kimya akipiga hesabu. "Yaani ule mstari mtupu nao wakaja kuutia mbolea."

"Ndiyo."

"Uyole tungefukuzwa kazi," akasema. Nikamsikia akimgeukia shangazi na kumweleza kwa Kinyakyusa, na shangazi akajibu kitu kirefu ambacho mzee hakunitafsiria. Kisha akauliza kama dawa hiyo ninayo dukani. Nikamwambia haijawahi kufika kwangu. Akauliza kama zile zake za presha ninazo. Nikasema zipo. Akataka nimtumie na Coaster ya jioni, na safari hii nihakikishe dereva ameandikiwa jina vizuri, maana mara ya mwisho ziliishia Kyela.