Vikaragosi vya filamu kwenye joto la Pwani

Tangu nirudi Dar es Salaam kutoka Marekani, vijana huniuliza wanunue kompyuta gani ili watengeneze viumbe wa filamu. Kompyuta ije baadaye. Anayerudi na ufundi huu wa vikaragosi kinachomkwamisha kwanza ni hewa ya huku, maana maelekezo ya kwenye makopo ya silikoni na plastiki za kumimina yameandikiwa chumba cha nyuzijoto 23.

Silikoni ya platinamu, ile ya kumiminia ngozi, huganda kwa kasi karibu maradufu kila joto likipanda nyuzi 10. Kopo likisema una dakika 20, mchana wa Februari hesabu 10. Laza chupa A na B, zile mbili ambazo zikichanganywa ndipo silikoni huganda, kwenye friji zikiwa zimefungwa, zifute umande kabla ya kufungua, pima kwa mizani, changanya, koroga huku ukikwangua kuta na kitako cha ndoo. Mimina uzi mwembamba kutoka juu, kwenye kona ya chini kabisa ya kalibu, uiache ipande yenyewe. Ikibaki inanata hata kesho yake, na vipimo vilikuwa sawa, tafuta salfa, ambayo huizuia kuganda: imo kwenye baadhi ya udongo wa kuchongea, na glavu za mpira wa kawaida nazo huiharibu. Vaa za naitrili, na siku zote jaribu kijiko kimoja kwanza.

Poliyurethani, plastiki ya kumiminia sehemu ngumu, inataka uangalifu zaidi. Kemikali yake iitwayo isosianeti ikikutana na unyevu hutoa kaboni dioksaidi, na fuvu uliloliwazia gumu linatoka na vitundu kama mkate wa kumimina. Kausha kalibu ya plasta vizuri, fanyia kazi chumba chenye kiyoyozi, vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali, si ya kitambaa. Mvuke wake unaumiza mapafu kwelikweli.

Nyaya za kuvuta kope na midomo hazihitaji kuagizwa nje. Waya wa breki ya baiskeli na ala yake vinatosha, ila chagua wa chuma kisichoshika kutu kwa sababu ya hewa ya bahari. Usiukunje kona kali: kila mkunjo huongeza msuguano, taya huchelewa nyuma ya mkono wa mwendeshaji, na mtazamaji huliona mara moja.

Kwenye kamera, kumbuka umeme wetu ni hezi 50, si 60. Kwa fremu 24 kwa sekunde weka pembe ya shata (kipimo cha muda ambao kila fremu hupokea mwanga) nyuzi 172.8, upate 1/50 ya sekunde. Ukiacha 144 ya Marekani chini ya taa za tyubu, picha itapwitapwita, na kuisafisha baadaye ni kazi ya siku nyingi. Kabla kamera haijasogezwa, ondoa kikaragosi na urekodi sekunde 10 za mahali pale patupu, fokasi na mwanga vilevile; ndizo zitakazotumika kwenye kompyuta kufuta fimbo ambazo waendeshaji hushikia kikaragosi. Kisha shika mpira wa kijivu na mpira unaoakisi kama kioo pale aliposimama kiumbe, ili fundi wa kompyuta ajue mwanga ulitoka wapi. Fanya hivyo papo hapo baada ya teki (kipande kilichorekodiwa), usingoje jioni: mawingu ya Pwani hayakai.