Yakobo hakukodisha nguo zake: nilivyolimudu neno "rent"

Walionishauri nishike maana ya kwanza ya kamusi na kusonga mbele wana deni langu. Kwa neno "rent" maana hiyo ni kodi ya pango, ile ambayo kila mpangaji anaijua hata kama Kiingereza chake ni cha salamu tu.

Sasa fungua Biblia ya Kiingereza ya 1611, ya Mfalme James, niliyokuwa naisoma ili kunoa lugha. Mwanzo 37:34: "Jacob rent his clothes". Kwa kanuni ya washauri wangu, mzee ameletewa kanzu ya mwanawe imelowa damu, naye anakwenda kukodisha nguo! Tena Reubeni kamtangulia kwenye mstari wa 29, kwa hiyo ni biashara ya ukoo mzima. Mshauri mmoja alikaza shingo: "Labda walitaka hela za kumtafuta mtoto." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Sarufi ndiyo iliyonitoa. Kukodisha kukishapita, Kiingereza husema "rented". "Rent" tupu ya wakati uliopita ni ya "rend", yaani kurarua. Wala maneno hayo si ndugu: la kodi liliingia kupitia Kifaransa cha zamani, la kurarua ni la Kiingereza chenyewe tangu kale.

Likiwa nomino ndipo lina hila, maana halina wakati wa kukudokeza. Mathayo 9:16: ukishonea vazi kuukuu kiraka cha nguo mpya, "the rent is made worse". Programu ya simu ikaniambia kodi imezidi kuwa mbaya, na mpangaji mwenzangu akaitikia amina. Mimi hutazama majirani wa neno. Kiraka kipo, vazi lipo, mwenye nyumba hayupo. Basi ni pale palipochanika. Kitambaa kipya hurudi kikifuliwa, kikavuta nyuzi zilizochoka, mpasuko ukapanuka. (Kiraka kilowanishe kwanza, jamani.)

Siku hizi mpasuko wa nguo huitwa zaidi "tear", lenye kesi yake na machozi. Hiyo sijaigusa.

Kuna pia kupanga na kupangisha, ambavyo Kiingereza hukabidhi kitenzi kimoja. Nikiona "from" baada yake, anayesema ni mpangaji. "Out" au "to", mwenye nyumba. Visipokuwepo, namuuliza aliyeandika.