Sekunde Ishirini za Pakwach

Juzi umeme ulipokatika, binti yangu aliniuliza gizani: "Mama, watu wote duniani wakifumba macho, rangi zinakwenda wapi?" Nilimjibu kama mwalimu wa fizikia, kwamba nuru nyekundu ni wimbi lenye urefu wa nanomita 700 hivi, na wimbi hilo haliwategemei watazamaji. Akanyamaza, kisha akalala. Mimi nilikesha, kwa kuwa swali la namna hiyo nililiulizwa zamani na shangazi, naye sikuweza kumjibu.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 3 Novemba 2013. Tulisafiri kwa basi kutoka Kampala kwenda kushuhudia kupatwa kwa jua, tukapita Karuma, tukavuka daraja la Nile na kuingia Pakwach, mji wa kaskazini mwa Uganda uliokwisha kujaa wageni. Shangazi alipofushwa na surua kabla hajatimiza miaka miwili, wala hakuwa na kumbukumbu ya kitu chochote alichowahi kukiona. Hata hivyo, kwa habari za jua na mwezi aliwapita wengi waliokuwa uwanjani siku ile. Wiki nzima nilikuwa nimemsomea, akajua kwamba kipenyo cha jua ni takriban mara 400 ya kile cha mwezi, na kwamba jua liko mbali nasi karibu mara 400 kuliko mwezi, ndiyo sababu kile kidogo hutosha kukifunika kikubwa. Alijua pia kwamba giza lenyewe lingedumu sekunde 20 hivi tu.

Saa kumi na moja ilipopita alinishika mkono. Mwanga ulikuwa umepungua bila kugeuka wekundu kama inavyokuwa magharibi. Kila kivuli kilikuwa na ukingo mkali, hata vinyweleo vya mkono wake niliviona chini, mmoja mmoja, juu ya vumbi. Upepo ukatupiga. "Sasa?" akauliza. "Bado." Kucha zake zikanikaza. Kisha nikavua miwani ya kutazamia jua, na mahali palipokuwa na jua pakawa na tundu jeusi, limezungukwa na nuru nyeupe, laini, iliyotawanyika kama unyoya. "Sasa," nikamwambia, lakini nadhani sauti yangu ilimezwa na vigelegele na dua za watu. Nilipogeuka, uso wake ulikuwa umeelekea pale pale jua lilipokuwa, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni. Chembe ya mwanga ikachomoza ukingoni, na mchana ukarudi.

"Haya, nipe," akasema. "Namba ninazo. Nipe kilichobaki."

Nikasema kulikuwa na weusi. Akauliza weusi ni nini. Nikasema ni kukosekana kwa nuru. "Mwanangu, mimi nimekosa nuru maisha yangu yote, na sijawahi kuona weusi."

Baadaye nilisoma habari za Arthur Eddington, mtaalamu wa nyota Mwingereza aliyekwenda kisiwa cha Príncipe mwaka 1919, na kutokana na picha za nyota zilizopigwa jua likiwa limepatwa, akaunga mkono hesabu za Einstein kuhusu kupinda kwa nuru. Katika mihadhara aliyoitoa Edinburgh mwaka 1927, mtu huyo huyo alieleza kwamba fizikia husoma tu namba zinazoonyeshwa na mishale ya vyombo vya kupimia. Kitu kilichoko nyuma ya mshale haikitaji, na mahali pekee tunapokijua kwa ndani ni katika nafsi zetu. Kutoka hapo alifika kusema kwamba ulimwengu wenyewe una asili ya akili. Hatua hiyo ya mwisho sijaweza kuichukua, kwani kivuli cha mwezi kingepita juu ya Pakwach hata kama pangekuwa hapana kiumbe hai. Lakini ile ya kwanza siwezi kuikana tangu shangazi anyooshe kiganja chake mbele yangu, akisubiri nimwekee kitu.

Tuliporudi, basi likiwa limekwisha kuwa kimya, aliniuliza kama niliisikia baridi ilivyoingia. Nilikiri kwamba sikuisikia, nilikuwa nikitazama. Akasema haikuja mara moja, bali ilianzia shingoni, ikashuka, halafu hewa yenyewe ikawa… Alitafuta neno kwa muda mrefu, mkono wake ukiwa juu ya wangu, akaliacha.