Kumbukumbu ya mradi: MGB GT ya 1972 yapata altaneta ya Toyota

Machi, kabla ya mvua

Gari ni MGB GT ya 1972, usukani kulia, injini ya cc 1798, na altaneta yake, yaani mashine ya kuzalisha umeme na kuchaji betri, ni Lucas 16ACR. Niseme mapema kwamba altaneta hiyo ni nzima. Wapenzi wa magari ya Kiingereza wamezoea kumtupia Joseph Lucas, mwanzilishi wa kampuni iliyotengeneza vifaa vyake vya umeme, lawama ya kila balbu inayokataa kuwaka, hata wakambandika jina la Mwana Mfalme wa Giza. Mashine yangu haina kosa. Iliundwa kutoa ampea 34, na inazitoa, mradi injini iwe inakimbia. Tatizo ni Nairobi. Saa kumi na mbili na nusu jioni mvua ikinyesha, kutoka katikati ya mji hadi Lang'ata, injini haikimbii hata kidogo. Unasogea urefu wa gari moja, unasimama, unasogea tena.

Nimekaa na karatasi nikapiga hesabu. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja ni kama ampea 9. Taa ndogo, za nyuma na ya namba, ampea 2 au zaidi. Ukikanyaga breki, na kwenye msongamano mguu hautoki kwenye breki, ongeza ampea 3 na nusu. Koili ya moto kama 4. Wipa, feni ya kupuliza kioo kisifanye ukungu, chaja ya simu. Halafu kuna feni ya umeme niliyoongeza kwenye rediata, kwa sababu ile ya asili inaendeshwa na injini, nayo gari likisimama huzunguka kwa uvivu wakati ule ule inapohitajika. Hiyo peke yake inakula kama ampea 10. Jumla inapita 30. Kwa altaneta ya ampea 34 ungesema yatosha, lakini hizo 34 ni za mwendo wa barabara kuu. Injini ikizunguka mara 800 kwa dakika, 16ACR ndiyo kwanza inaamka. Kinachobaki kinatolewa na betri, na MGB ya mwaka huo wa 1972 ina mbili za volti 6 zilizofichwa nyuma ya viti. Kuzipata mpya hapa mjini ni kazi nyingine kabisa.

Mwisho wa Machi: kupima kabla ya kununua

Hapa ndipo naona wengi wanaruka hatua. Wanasikia ampea 70, wanafunga, kisha wanashangaa taa bado zinafifia.

Niliweka mita kwenye betri, kila kitu kimewashwa, injini imeachwa izunguke taratibu: volti 12.1. Maana yake betri zinatumika, hazichajiwi. Nikapandisha mzunguko hadi 2500. Kwenye mgongo wa altaneta mita ilisoma 14.0, kwenye betri 13.2. Hizo pointi nane (volti 0.8) zilizopotea njiani hazikuwa kosa la altaneta, na altaneta kubwa ingezidisha upotevu, kwa kuwa umeme mwingi ukipita kwenye waya mbovu ndipo unapopotea zaidi. Nilipofuata njia kipande kwa kipande nilizikuta mbili hivi kwenye plagi ya waya ya kahawia nyuma ya altaneta, ambayo vishikizo vyake vilikuwa vimegeuka rangi kwa joto. Kama tatu zilikuwa kwenye eathi, pale waya ya betri inapofungwa kwenye bodi juu ya rangi na kutu. Zilizobaki zilikuwa zimetawanyika.

Eathi nilisafisha siku hiyo hiyo, chuma kikang'aa, nikaweka washa mpya na grisi juu. Bila kununua chochote cha maana, betri ilipanda hadi 13.5.

Aprili: Lucas A127 au Denso?

Uingereza kote jibu la swali hili ni Lucas A127, altaneta iliyofungwa kwenye magari mengi ya Ford na Rover ya miaka ya 1980. Inakaa vizuri mahali pa ile ya zamani na inatoa ampea 55 hadi 70 kutegemea toleo. Ningekuwa Birmingham nisingefikiri mara mbili. Lakini niko Nairobi, ambako ukiharibikiwa na kaboni au rigaleta (kidhibiti volti) ya A127 unaagiza, unalipa usafiri, unalipa ushuru, unasubiri. Altaneta ya Denso iliyotoka kwenye Toyota iko Kirinyaga Road, na vipuri vyake vya ndani viko kwenye kila kibanda cha fundi wa umeme wa magari. Fundi wangu wa Kariobangi hakutaka hata mjadala mrefu.

"Bosi, weka ya Toyota. Siku ikifa usiku, hata fundi wa Mtito Andei, huko njia ya Mombasa, ataitengeneza."

"Na itaingia, mzee?"

"Itaingia. Tutailazimisha kwa adabu."

Najua kuna watakaonuna. Gari la kupeleka Concours d'Elegance, mashindano ya urembo wa magari, pale Ngong Racecourse, ambako majaji wanachungulia chini ya boneti, lisiguswe na kitu hiki. Langu ni la kwenda kazini. Hata hivyo nimejiwekea sharti moja: hakuna kukata kitu cha asili. Lucas inapakwa mafuta kidogo na kuwekwa sandukuni pamoja na bolti zake.

Kwa wenye MGB za kabla ya mwisho wa 1967: hizo zina dainamo, mashine ya kuchaji iliyotangulia altaneta, na eathi yake ni chanya, yaani upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Ukifunga altaneta ya kisasa bila kwanza kugeuza gari zima liwe la eathi hasi, daiodi za ndani yake zitaungua mara tu utakaporudisha waya ya betri. Anza huko.

Aprili, katikati: kufunga

Betri zilichomolewa kwanza, upande wa eathi ndio wa kwanza kutoka. Altaneta inakaa upande wa kulia wa injini, upande wa distribyuta, na ya zamani inatoka bila ugomvi.

Masikio ya Denso (sehemu za kupitishia bolti) ni membamba kuliko nafasi iliyopo kati ya breketi ya mbele na ya nyuma. Fundi wa kukereza vyuma alitutengenezea bushi ya chuma ya kujaza pengo, tukajaribu, akaipunguza kidogo, tukajaribu tena. Ni kazi ya subira, kwa sababu bushi hiyo ndiyo inayoamua puli itakaa mbele au nyuma kiasi gani. Puli ya Toyota ni ya mkanda wa mbavu nyingi, ya MGB ni ya mkanda wa V. Tulichukua puli ya Lucas, tundu lake likapanuliwa likubali shafti mpya. Feni ya nje ya Lucas haikurudi, kwani Denso ina feni zake ndani. Kisha tukalaza rula ya chuma kwenye uso wa puli ya krenki (shafti kuu ya injini) na ya pampu ya maji mpaka zote zikawa mstari mmoja. Mkanda ukikaa pembe hata kidogo utalia, na baadaye utajila kingo.

Jambo la bolti nalieleza kwa kirefu kwa sababu linaua sikio la aluminiamu kimya kimya. Bolti ya MGB ni ya inchi 5/16, uzi wa UNF. Denso ni M8, yaani ya milimita 8. Ukizishika mkononi huoni tofauti, maana 5/16 ni milimita 7.94. Ila uzi wa UNF una hatua (umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata) ya milimita 1.06 na wa M8 una 1.25. Bolti inaingia mizunguko miwili kwa ulaini, inagoma, mtu anaongeza nguvu ya spana, na uzi wa ndani unakwenda. Kwa hiyo bolti ya kukazia mkanda sasa ni M8, nimeipaka rangi nyekundu kichwani ili anayekuja baada yangu ashtuke.

Waya. Plagi ya Denso ina pini tatu zenye herufi: S, IG na L. L imekwenda kwenye waya ya kahawia na njano inayotoka kwenye taa nyekundu ya dashibodi. S imeungwa kwenye njia ya betri, ili rigaleta isome volti za huko mbali na si za mlangoni pake. IG inahitaji umeme unaokuja swichi ya ufunguo ikiwashwa, ambao Lucas haikuuhitaji, nikauchukua kwenye waya ya kijani yenye fyuzi. Kwenye mfumo wa Lucas, balbu ile ya wati 2.2 ilikuwa ndiyo inayoamsha altaneta, hivyo ikiungua usingechaji mpaka upandishe sana mzunguko, au usingechaji kabisa.

Kutoka kwenye nguzo kubwa ya altaneta hadi starta nimepitisha waya mpya ya milimita 16 za mraba, na fyuzi ya ampea 80 njiani. Mkanda tuliukaza mpaka ukibonyezwa kwa kidole gumba unashuka kama sentimita moja na robo.

Mei

Mvua zimefika kweli. Kwenye Mbagathi Way, kila kitu kimewashwa, mguu kwenye breki: 13.6 kwenye betri. Mzunguko ukipanda, 14.2 na haisogei. Mkanda ulilegea kidogo baada ya siku za mwanzo, kama kawaida ya mkanda mpya, ukakazwa.

Kimebaki kitu kimoja kinachonikera. Taa za mbele zenyewe zinapata 12.4 tu, kwa sababu umeme wake bado unapita kwenye swichi ya mwaka 1972 na kurudi mbele kwa waya nyembamba. Relei mbili (swichi zinazoamriwa kwa umeme mdogo) na vishikio vya fyuzi viko mezani. Zitafungwa karibu na rediata, na swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamuru tu.