Vidonge 34

Alhamisi, saa nne usiku. Umeme umekatika tangu magharibi, naandika kwa simu, na Afande amelala mlangoni anakoroma. Sikudhani ningekuja kuufurahia mkoromo wa mbwa.

Ilianza Ijumaa ya wiki juzi. Siku zote nikisukuma geti ananirukia hadi shati linachafuka. Siku ile alibaki chini ya mwembe, akanitazama, akapiga mkia chini mara moja, basi. Bakuli lake la ugali na dagaa lilikuwa limejaa sisimizi. Mama akasema labda amekula mzoga jalalani, atapona mwenyewe. Jumamosi na Jumapili zikapita hivyo hivyo. Jumatatu alfajiri nikakuta matone ya damu barazani, nikayafuata mpaka alipolala. Ilikuwa inamtoka puani.

Hapa nitaandika nilivyowaza, hata kama naona aibu. Sikuwaza ugonjwa. Nilimuwaza jirani wa nyuma ya ukuta. Mwezi uliopita Afande aliruka akamuulia vifaranga wawili. Nililipa, nikaomba radhi, lakini yule mama alisema mbele za watu, "Mbwa wenu huyo, iko siku mtamkuta amelala." Na sumu ya panya hapa Tanga inapita mlangoni kila siku, inatangazwa kwa kipaza sauti pamoja na ya mende na kunguni. Nikamwambia Mama: katiliwa sumu huyu. Nikalisema kama mtu aliyeona kwa macho yake.

Kijana wa bodaboda pale kona yeye alisema ni kichaa, tusimsogelee. Fundi viatu akasema mbwa huona vitu usiku, huenda kaona kisichofaa kuonwa. Kila mtu alikuwa na jibu.

Bajaji tatu zilikataa kumbeba. Dereva mmoja alikuwa na udhu, anawahi msikitini, na mate ya mbwa ni kazi ya kuosha mara saba. Sikumlaumu. Wa nne alikubali kwa nauli mara mbili, tena nitandike gunia.

Daktari wa mifugo hakumgusa kwanza. Aliomba kadi ya chanjo ya kichaa, akakagua tarehe, ndipo akavaa glavu. Kipimajoto kikasoma 40.6, wakati mbwa mzima huwa kwenye 38 na nusu hivi. Akainua mdomo wa juu: fizi zimepauka kama nyama iliyolala majini. Tumboni kulikuwa na vidoa vyekundu vidogo vidogo, kama amechomwa na ncha ya pini. Nikamwambia habari ya sumu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kweli sumu ya panya humtoa mbwa damu, kwa sababu inazuia damu isigande, ila homa kali namna hii inampeleka kutafuta kwingine. Akapanua vidole vya mguu wa mbele. Kupe. Akageuza sikio. Kupe tena, wa kahawia, wengine wamevimba kama punje za mbaazi. Mbwa huyu namshika kila siku.

Alichoma ukingo wa sikio, akachukua tone moja la damu, akalitandaza kwenye kioo, akalitia rangi, akainamia hadubini. Ndani ya chembe nyekundu hakuona vijidudu vya babesia, vinavyoletwa na kupe. Ndani ya chembe nyeupe hakuona kitu pia, lakini akasema erlikia, bakteria wanaoletwa na kupe na kukaa ndani ya chembe hizo, mara nyingi haionekani hata ikiwepo. Alichokiona ni upungufu: zile chembe ndogo zinazogandisha damu, ambazo alitarajia kuzikuta kumi au zaidi kila anapotazama, zilikuwa mbili, tatu. "Naelekea kwenye erlikia," alisema. Mimi nilitaka jina kamili, siku ileile. "Dawa ndiyo itakayotujibu. Homa ikishuka ndani ya siku mbili, tumelipata." Akaandika doksisaiklini, vidonge viwili kwa siku, siku 28, daima pamoja na chakula. Kisha akachoma sindano ya vitamini K, dawa ya kuzuia ile sumu ya panya. "Hii ni kwa ajili ya jirani yako," akasema, wala hakucheka.

Jumatano asubuhi Afande alimbwekea muuza maji. Sauti mbovu, ya kukwama, lakini ni yeye.

Usiku ule nilichukua tochi nikaenda bandani kwake. Ukuta ule niliujenga mwenyewe, nikaahirisha kupiga lipu mwaka mzima. Kwenye nyufa za matofali kupe walikuwa wanapanda kwa mstari, wakubwa na wale wadogo kama vumbi linalotembea. Nimepuliza dawa mara mbili, nimeziba nyufa kwa saruji, na daktari amesema nirudie tena, maana wana uwezo wa kukaa miezi bila kunyonya.

Lililobaki halizibiki kwa saruji. Siku ile ya Jumatatu, mimi nikiwa kwa daktari, Mama alikwenda kusukwa, akasimulia saluni nzima kuwa mbwa wetu katiliwa sumu, na nani. Nimewaambia watu ni kupe. Wanaitikia, kisha wanabadilisha mazungumzo.

Leo asubuhi nilimkuta yule mama anafagia, nikampa shikamoo. Aliendelea kufagia mpaka nikapita, ndipo nikasikia "marahaba" mgongoni. Kesho nitamrudia, kama nitapata la kusema. Vidonge vimebaki 34.